Geuza Pakiti Uone Upande wa Nyuma

Kama ndani ya nyumba kuna pakiti ya maziwa ya ladha, ya stroberi, vanila au chokoleti, ilete hapo ulipo. Leo tutaisoma pamoja.

Nianze na mtoto mmoja aliyeletwa kliniki na nyanya yake akiwa na miezi 13. Mama yake alikuwa amepata kazi mbali, mtoto akaachishwa kunyonya. Nilipompima alikuwa na kilo 7.6. Nikafungua kijitabu chake. Mwezi uliotangulia, kilo 7.6. Mwezi wa kabla ya huo, 7.6. Ule mstari wa chati ambao hutakiwa kupanda ulikuwa umelala. Hakuwa na homa wala hakuwa anahara. Nikamuuliza nyanya, "Shosho, anakula nini huyu?"

Akanijibu bila wasiwasi, "Simnyimi kitu. Uji anakataa, lakini maziwa anamaliza pakiti mbili kila siku. Mama yake hutuma pesa ya maziwa." Akatoa pakiti moja mkobani. Mbele kulikuwa na picha ya ng'ombe na matunda mekundu.

Mpenzi msikilizaji, nyanya huyo hakuwa mzembe. Pesa ya mtoto ilitumika kwa mtoto. Hata mimi, pamoja na diploma yangu ya uuguzi, nilikuwa nikimbebea mwanangu vinywaji kama hivyo kila mwisho wa mwezi, na sikuwahi kugeuza pakiti. Siku hiyo ndipo nilipogeuza.

Nawe geuza yako sasa. Maandishi ni madogo, na mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa hivyo mwite mtoto anayesoma akusaidie. Tafuta neno Ingredients. Hapo ndipo vitu vilivyotiwa ndani hutajwa, na huanza kwa kile kilicho kingi zaidi kwa uzito. Katika pakiti ya shosho cha kwanza kilikuwa maji. Cha pili, sukari. Unga wa maziwa ulikuja wa tatu. Kumbe hayakuwa maziwa yaliyotiwa sukari kidogo, bali maji ya sukari yaliyotiwa maziwa kidogo!

Kisha tafuta ile meza yenye tarakimu, utazame neno Sugars na neno Protein. Pale palikuwa na sukari gramu 11 na protini gramu 1 kwa kila mililita 100. Pakiti ilikuwa ya mililita 250. Basi ukipiga hesabu, pakiti moja ina sukari zaidi ya gramu 27. Kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 4, kwa hivyo hiyo ni karibu vijiko 7. Kwa pakiti mbili ni karibu vijiko 14 kila siku, kwa mtoto wa miezi 13. Shirika la Afya Duniani linapendelea hata mtu mzima asipitishe vijiko 6 hivi vya sukari ya kuongezwa kwa siku. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, mwongozo wake wa mwaka 2023 unasema vinywaji vilivyotiwa sukari asipewe.

Na protini, ile ya kujenga mwili? Pakiti zote mbili zilikuwa na gramu 5. Yai moja la kuku lina kama gramu 6.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini uji ulikataliwa. Tumbo la mtoto ni dogo. Likishajazwa kitu kitamu, njaa ya chakula haiji, na ulimi uliozoea stroberi hauoni utamu wa wimbi. Meno nayo hayakuachwa, kwa maana yale mawili ya mbele yalikuwa yameanza kupata madoa ya hudhurungi, kwa sababu alikuwa akilala na chupa mdomoni.

Sasa usiniambie nimekataza maziwa. Zipo pakiti za ladha ambazo kitu cha kwanza ni maziwa kweli. Hizo zisome hivi: maziwa matupu yana sukari yake ya asili, kama gramu 5 kwa mililita 100. Ukiona 10, zile 5 za juu zimeongezwa. Na ile alama ya KEBS itafute daima, lakini haikuambii kwamba kinywaji hicho kinamfaa mtoto wa mwaka mmoja.

Msikilizaji mmoja mwenye dada Marekani aliniuliza kuhusu kinywaji cha huko cha Krismasi kiitwacho eggnog, cha maziwa, krimu, mayai na sukari, kinachouzwa dukani. Jina lina yai ndani yake, lakini sheria ya huko inataka kiini kikavu asilimia 1 tu ya uzito. Kikombe kizima kinaweza kuwa na theluthi moja ya kiini cha yai, huku sukari na mafuta vikiwa tele. Hata huko ni lazima ugeuze pakiti.

Turudi kwa shosho wetu. Hatukumkatia mtoto ghafla. Kwa wiki moja alipunguziwa hadi pakiti moja, kisha ikaisha. Akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kwenye kikombe, baada ya chakula. Uji ulitiwa ndizi mbivu iliyopondwa badala ya sukari. Na ile pesa ya pakiti ikanunua mayai, ambayo kwa bei ya duka letu ilitosha mawili kwa kila pakiti na chenji ikabaki. Yai lilichemshwa likakauka, likapondwa ndani ya viazi. Siku tatu za kwanza alitema. Shosho alitaka kukata tamaa, nikamwomba ajaribu tena. Baada ya miezi miwili mizani ilisoma kilo 8.2.

Mtoto wako akiwa na miezi 6 unaweza kumwanzishia yai zima, kiini na ute, kidogo kidogo, huku ukiendelea kumnyonyesha. Akitokwa na vipele, akivimba uso au akitapika baada ya kula, acha na umlete hospitali. Akipumua kwa shida, usingoje hata kidogo. Kabla ya miezi 6, ni maziwa ya mama peke yake.

Wengine wenu hukoroga yai bichi ndani ya maziwa moto, mkisema lina nguvu zaidi. Tafadhali msifanye hivyo kwa mtoto. Maziwa ya kikombeni hayana moto wa kutosha kuua vijidudu vya salmonela, na mtoto mdogo akiharishwa navyo anaweza kuishiwa maji mwilini upesi. Pika mpaka kiini kigande.

Siku yako ya kupima mtoto ikifika, njoo na kijitabu, na uje pia na pakiti tupu ya anachokunywa. Tutaisoma pale mezani, wewe na mimi. Hadi wiki ijayo, kwaheri.