Utunzaji wa Gari la Chama: Milio ya Injini na Taa za Onyo

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mpanda



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, kama ilivyo mizani na ghala. Likiharibika, hutengenezwa kwa ushuru unaokatwa katika tumbaku ya mkulima. Kwa hiyo kulitunza si kazi ya dereva peke yake.

Magari ya zamani yalikuwa na taa chache tu za onyo. Magari ya siku hizi yana kompyuta ndogo inayopima injini wakati wote, na ikiona kasoro huwasha taa mbele ya dereva. Taa hizo hazikuwekwa kuwa pambo. Kazi yake ni ile ile ya mkaguzi wa hesabu: kuonyesha kasoro kabla hasara haijawa kubwa.

Yafaa kujifunza rangi kwanza. Kijani na buluu hueleza tu kwamba kifaa fulani kinafanya kazi. Manjano husema kuna kasoro. Gari lipelekwe kwa fundi mapema. Nyekundu husema: simama.

Uchukuliwe mfano. Gari la chama linatoka Inyonga kwenda Mpanda katika msimu wa masoko. Katibu amebeba hati za mauzo, na benki hufungwa alasiri. Njiani inawaka taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili. Dereva anataka kusimama, katibu anasema, "Twende tu, ndugu, tumekaribia." Hapo ndipo hasara inapoanza. Taa hiyo inaonya kwamba msukumo wa oili umeshuka, na huenda vyuma vinasagana vikavu. Dakika chache zatosha kuua beringi za injini. Baadaye husikika kugonga kuzito kutoka chini ya injini, hasa gari linapovuta mzigo. Mlio huo ukisikika, uharibifu umekwisha kuanza, na kuongeza oili hakuwezi kuuponya.

Njia iliyo sahihi ni kusimama mahali tambarare, kuzima injini, kungoja dakika kama 10, kisha kuvuta kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imepungua, iongezwe oili ya aina inayotakiwa. Injini ikiwashwa na taa ikazimika, safari iendelee taratibu, na chanzo cha kupungua kitafutwe. Ikiwa oili inatosha na taa bado inawaka, au injini inagonga, isiwashwe tena, gari livutwe.

Taa nyekundu ya joto nayo hudai kusimama. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yachemkayo humrukia mtu usoni. Taa ya betri huweza kuonyesha kwamba mkanda umekatika. Katika injini nyingi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, na injini itachemka muda si mrefu.

Milio mingine ina maana zake. Mlio mkali kama filimbi wakati wa kuwasha asubuhi ni dalili ya mkanda uliolegea au kuchakaa. Kugonga kwepesi na kwa haraka juu ya injini huelekea kwenye vali, au oili iliyopungua. Injini ya petroli ikitetemeka huku taa ya manjano yenye umbo la injini ikimweka, silinda mojawapo haichomi mafuta. Mwendo upunguzwe mara moja. Wakati wa kiangazi, gari likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, chujio la hewa likaguliwe, kwani vumbi huliziba. Injini mpya za dizeli haziwezi kustahimili maji yaliyomo katika mafuta ya madumu.

Tangu mwaka 1996 magari mapya yauzwayo Marekani yamelazimika kuwa na tundu la aina moja la kusomea kasoro. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Fundi huchomeka kifaa na kusoma namba. Namba P0301 husema silinda ya 1 haichomi sawasawa. Haisemi kama kosa ni la plagi, koili au nozeli. Fundi anayeagiza kipuri kwa kusoma namba tu hajapima. Na anayeondoa balbu ili taa isionekane amechana ukurasa wa leja. Jaribio lake ni jepesi: ufunguo ukizungushwa kabla ya injini kuwaka, taa ya oili na ya injini sharti ziwake. Isiyowaka kabisa imeharibika au imeondolewa.

Kila chama kiweke daftari la gari. Dereva aandike tarehe, kilomita, taa iliyowaka, na mlio ulisikika wakati gani: injini ikiwa baridi au ya moto, mlimani au kwenye tambarare. Bodi nayo iazimie kwa maandishi kwamba dereva anayesimama kwa taa nyekundu hataadhibiwa kwa kuchelewa, na kwamba hata katibu hana mamlaka ya kumwamuru aendelee.

Hati zikichelewa, benki itafunguliwa kesho. Injini ikifa, atakayelipa ni mkulima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.