Ardhi ya Reli, Nyumba Mpya, na Sisi Tulioifanyia Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu wasiweze kufika.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya ardhi ya reli iliyo kati ya stesheni ya Nairobi na mtaa wa viwanda, ambayo serikali yataka kuigeuza iwe mji mpya. Jina lake mmelisikia, Railway City. Ni ekari 425, kuanzia Haile Selassie Avenue mpaka Bunyala Road, na kutoka Uhuru Highway mpaka upande wa Landhies Road. Mwezi wa Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua kazi hiyo, na James Cleverly, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alikuwapo. Katika mpango huo mna stesheni kuu mpya, maofisi, maduka, mahoteli na nyumba za kukaa watu, vyote vikiwa pamoja mahali palipowekwa tangu zamani kwa reli, karakana, mabohari na landi za wafanya kazi.

Hatukuja hapa kusema mji huo usijengwe. Anayetaka maneno ya namna hiyo awatafute wengine. Sisi twaijua ardhi ile kuliko walioichora kwenye karatasi, na twajua kwamba sehemu yake kubwa imelala. Kuna njia za reli zilizoota majani hata hazionekani. Kuna bohari ambazo kazi yake ni kufuga panya tu. Swali letu ni moja: nyumba zitakapokuwa tayari, nani atakaa ndani yake? Na twataka kuwaonyesha kwamba swali hilo halijibiwi siku ya kugawa funguo. Hujibiwa mapema sana, siku karatasi ya kubadili matumizi ya ardhi inapotiwa sahihi.

Kwanza yafaa tukumbuke kwa nini viwanda vilikuwa pale. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mahali hapa palichaguliwa kwa kuwa ni tambarare, pana maji, na mbele yake kuna mlima ambao gari la moshi haliupandi bila matayarisho. Mji ulipangwa na watu wa reli, kwa ajili ya reli: stesheni hapa, karakana pale, Wazungu mlimani, Wahindi kwenye bazaa yao, na Mwafrika kwenye landi karibu na kazi ili king'ora kikilia aamke. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkubwa wa jiji, nao ukaendeleza desturi ile ya kutenga kila jambo mahali pake. Viwanda vilikaa kusini mwa reli kwa sababu behewa liliweza kusukumwa mpaka mlangoni pa bohari. Wafanya kazi waliwekewa mitaa upande wa mashariki, karibu na viwanda hivyo.

Siku hizi mizigo mingi huja kwa lori. Reli ile mpya ya kutoka Mombasa, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ina stesheni yake kuu Syokimau, na makontena yake hushushwa Embakasi. Basi ile sababu ya kuweka bohari kando ya stesheni ya zamani imepungua. Ndiyo maana watu wa mipango wanasema ardhi ile ichanganywe, kazi na makao pamoja. Kwa kweli kuchanganya si vibaya. Waliotenga mji huu hawakuutenga kwa faida yetu, na mfanya kazi atembeaye kwa miguu kila asubuhi kutoka Mukuru ahitaji sana nyumba iliyo karibu na kazi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Shamba la mkulima hupanda thamani kwa mvua. Kiwanja cha mjini hupanda kwa kalamu. Chukueni bohari moja ya zamani, mabati yameoza, mlango umefungwa kwa waya. Leo kiwanja hicho kimeandikwa kuwa cha viwanda tu, na bei yake ni ya viwanda. Kesho idara ya mipango yatoa ruhusa kijengwe ghorofa kumi, maduka chini na nyumba juu. Hapana mtu aliyepiga msumari hata mmoja. Mabati ni yale yale na panya ni wale wale. Lakini bei imepanda mara nyingi kwa usiku mmoja.

Faida hiyo yatoka wapi? Yatoka kwenye barabara, maji, stima na reli, vitu vilivyolipiwa na watu wote na kujengwa kwa mikono ya watu kama sisi. Yaenda wapi? Kama siku ile ya kutia sahihi haikuandikwa sharti lolote, yaingia mfukoni mwa mwenye kiwanja. Naye akikiuza, anayenunua hulipa bei ya juu, kisha twamwendea kumwomba nyumba za kodi nafuu. Hutujibu: ndugu zangu, nilinunua ghali, siwezi. Na kwa hesabu ya daftari lake atakuwa anasema kweli! Lakini kama sharti lingetangulia, kwamba sehemu fulani ya nyumba lazima iwe ya kodi ambayo mfanya kazi aweza kulipa, basi mnunuzi angelijua hilo kabla hajatoa pesa, na kiwanja kingeuzwa kwa bei inayolingana na sharti. Hapana ambaye angepata hasara. Angekosa tu kitu ambacho hakukifanyia kazi.

Sharti nalo lahitaji walinzi. Mjini London kuna mahali paitwapo King's Cross, palipokuwa yadi ya mizigo ya reli, na watu wengi hupataja kama mfano wa Nairobi. Ruhusa ya kupajenga upya ilitolewa mwaka 2006, na hesabu ya nyumba za bei nafuu iliandikwa. Mwaka 2015 hesabu hiyo ilipunguzwa, kazi ikiwa imekwisha fika mbali. Pamependeza, hapana ubishi, lakini nyumba zile zilizotolewa hazikurudishwa. Sisi tusidhani kwamba karatasi ikisha tiwa sahihi twaweza kwenda kulala.

Ndugu wanachama, sasa tuseme habari ya Muthurwa, maana ndiyo iliyo karibu na mioyo yetu, na ni ngumu kuliko zote. Muthurwa ilijengwa iwe makao ya wafanya kazi wa reli. Mwaka 2006, reli ilipokuwa inakabidhiwa kampuni ya kukodi, mfuko wa pensheni wa wafanya kazi wa reli ulipewa mali nyingi, Muthurwa ikiwa moja wapo, ili ziuzwe au zijengwe, wastaafu wapate kulipwa haki yao. Mwaka 2010 wakaaji walipewa notisi ya siku 90 wahame, na ubomoaji ukaanza. Wakaaji walikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ilitolewa na Jaji Isaac Lenaola mwaka 2013. Alisema kwamba mfuko ndio mwenye ardhi, lakini namna ya kuwatoa watu ilivunja haki zao, ikiwamo haki ya kuwa na nyumba ya kufaa, iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010. Akaamuru pande mbili zikutane zipatane juu ya mpango wa kuhama.

Tazameni jambo hili lilivyo. Upande mmoja kuna mzee wa reli, amestaafu, yuko kwao Siaya au Kitui, angoja pensheni yake mwezi hadi mwezi. Ili alipwe, ardhi lazima izae pesa. Upande wa pili kuna mzee mwingine wa reli, au mjane wake, anakaa katika chumba kile kile, na hana mahali pengine pa kwenda. Wote wawili ni watu wetu. Wote wawili walilipa ada ya chama. Yeyote akija kuwaambia kwamba lazima mmoja aumie ili mwingine apone, muulizeni kwanza ile faida ya kalamu ameiweka wapi katika hesabu yake. Ardhi ya mtaa ule, karibu hivyo na katikati ya jiji, ikiruhusiwa kujengwa ghorofa nyingi, haishindwi kumlipa mzee wa Siaya na kumpangishia mjane wa Muthurwa chumba kwa kodi anayoiweza. Hushindwa pale tu mtu wa tatu anapokata kipande kikubwa kabla yao. Kwa hivyo chama kisikubali kuchagua kati ya mstaafu na mpangaji. Kikichagua kitagawanyika, na wenye kutaka ardhi watafurahi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo wachoraji wa ramani huenda wasiyaulize, basi tuwaambie bila kuulizwa. La kwanza ni udongo. Mahali palipotengenezwa mainjini kwa miaka mingi, dizeli na mafuta machafu humwagika, na udongo huyanywa. Pana rangi za zamani zenye madini ya risasi, pana betri, na mapaa ya zamani huwa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Nyumba yaweza kujengwa juu ya ardhi ya namna hiyo, lakini baada ya udongo kupimwa na ule mbaya kuondolewa. Mafundi wazee wajua mashimo ya kumwagia mafuta yalikuwa wapi. Waulizwe kabla hawajafa. Na wale watakaovunja majengo wapewe vifaa vya kuzuia vumbi, si kitambaa cha kufunga puani.

La pili ni kelele. Mtu akinunua nyumba nzuri karibu na karakana, mwezi wa kwanza atasema ni mahali pa ajabu. Mwezi wa tatu ataandika barua kwamba nyundo zinamwamsha mtoto. Mwaka wa pili atakuwa na wakili. Hivyo ndivyo karakana inavyofukuzwa mjini bila mtu kusema wazi kwamba imefukuzwa. Twataka iandikwe kwamba nyundo ilikuwako kabla ya kitanda, na anayejenga kitanda ndiye atakayeweka kuta nene na madirisha mazuri. Twasema haya kwa ajili ya reli, na kwa ajili ya wafua vyuma wa jua kali pia, ambao hawana chama chenye nguvu cha kuwasemea.

Halafu kuna pesa zetu wenyewe. Tangu sheria ya nyumba nafuu ya mwezi wa Machi 2024, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mtu wa shilingi 30,000 hukatwa 450, na mwajiri hutoa 450. Wengine hulia juu ya makato haya na wengine huyasifu. Leo hatutaingia katika ubishi huo. Twasema hivi tu: aliyechanga hukaa barazani, hasimami nje ya dirisha. Sheria hiyo imepanga watu kwa mapato: chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni kundi moja, na kutoka 20,000 mpaka 149,000 ni kundi lingine. Angalieni kundi la pili lilivyo pana! Mfagiaji wa mabehewa na mkubwa wa ofisi wamo ndani ya kapu moja. Nyumba zote zikipewa watu wa shilingi 140,000, sheria itakuwa imetimizwa, na hapana hata mmoja wetu atakayeona ufunguo. Kwa hivyo tusiridhike na neno nafuu. Tuulize nafuu kwa nani, kwa shilingi ngapi kwa mwezi, na je, ni ya kupanga au ya kununua tu. Wengi wetu tuna shamba nyumbani, na mjini twahitaji chumba cha kupanga kwa haki, bila deni la miaka ishirini.

Sheria ya mwaka 2019 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi yataka ombi la kubadili matumizi litangazwe, ili watu waseme maoni yao kwa muda uliowekwa. Muda huo ni mfupi. Tangazo ni dogo, tena huandikwa kwa maneno ambayo hata aliyesoma sana huyasoma mara mbili. Kamati ya tawi imeamua kwamba kila tangazo litakalohusu ardhi ya reli litafasiriwa kwa Kiswahili na kubandikwa ubaoni siku ile ile, na maoni yetu yatapelekwa kwa maandishi, yapigwe mhuri wa kupokelewa, nakala moja ibaki kwetu. Maneno ya mdomo mkutanini husahauliwa, hasa yakiwa ya mtu aliyevaa ovaroli.

Mwaka 1950, Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji, akina Makhan Singh na Fred Kubai waliwaambia wafanya kazi wasiende kwenye sherehe, kwa kuwa kulikuwa na Nairobi mbili, ya matajiri na ya maskini, na ile ya maskini haikubadilika kitu. Safari hii hatuwaambii msiende. Twawaambia mwende mapema, kabla viti havijajaa, mkiwa na karatasi mkononi.

Jambo la mwisho ni daftari. Karani wa tawi ameanza kuandika majina ya wote wanaokaa katika landi na nyumba za reli: jina, namba ya chumba, miaka aliyokaa, watu wangapi, na kodi anayolipa. Wastaafu na wajane waandikwe, hata kama hawalipi ada tena. Mwenye risiti za kodi za zamani azilete zinakiliwe, atarudishiwa papo hapo. Wapangaji waliopangishwa na wapangaji wengine wasiogope, nao waandikwe, kwa sababu siku ya kuhesabu watu asiyekuwa kwenye daftari huambiwa hakuwako. Daftari litakuwa karakana saa ya chakula cha mchana, na jioni litakuwa stesheni kwenye chumba cha mapokezi ya vifurushi. Walio zamu ya usiku wampe mwenzao majina yao, yaandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka.