Taya Linapouma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Matibabu



Mara nyingi tunapokutana nanyi huzungumzia bidhaa: mizani iliyochezewa, simu bandia, vyakula vilivyopitwa na muda. Leo tumechagua huduma, tena huduma ambayo mtu huinunua akiwa katika maumivu, wakati ambapo uwezo wake wa kuhoji umepungua na hamu yake ya kupona imezidi. Tutazungumzia maumivu ya kiungo cha taya, maumivu ya kichwa yanayofuatana nayo, na matibabu yanayotolewa katika kliniki za kinywa na meno.

Tuanze na mfano. Mfikirieni mama wa miaka 35 anayeamka kila asubuhi panja zikimgonga. Amepima malaria mara kadhaa, hana. Amenunua miwani, kichwa hakikupoa. Sikio linamuuma, lakini daktari amelichunguza akalikuta zima. Kwa kuwa maumivu hushuka hadi kwenye magego, ameng'olewa gego moja, kisha jingine, na maumivu yamebaki palepale. Sasa ameambiwa kwamba meno yake hayakutani vizuri, hivyo yasagwe yawe sawa, kisha afungwe waya, na alipe nusu ya fedha siku hiyohiyo. Fedha hizo ndizo mtaji wake wa biashara. Mama huyu tumemtunga sisi, lakini kila hatua aliyopitia huwapata wagonjwa wa kweli. Je, aulize nini kabla ya kulipa?

Kiungo chenyewe

Tunawaomba mweke vidole mbele kidogo ya masikio, kisha mfungue kinywa na kukifumba polepole. Hapo mnapohisi mfupa ukisogea ndipo kilipo kiungo cha taya, kimoja kila upande. Kiungo hiki hujikunja kama bawaba ya mlango na pia huteleza kwenda mbele na kurudi nyuma. Kati ya mifupa yake kuna kisahani laini kinachozuia mifupa isisagane.

Sasa wekeni vidole panjani na mkaze meno. Mtahisi msuli ukituna. Huo ni mmojawapo wa misuli ya kutafuna; umetanda ubavuni mwa kichwa na kushuka hadi kwenye taya la chini. Mtu anayekaza meno kutwa kwa mawazo, au anayeyasaga usingizini, huuchosha msuli huo kama mchukuzi anavyochosha mabega. Ndiyo sababu taya linaweza kuleta maumivu ya kichwa, na ndiyo sababu maumivu hayo huweza kuonekana kana kwamba yanatoka sikioni au kwenye jino lisilo na kasoro.

Maumivu ya kichwa yenye asili ya taya kwa kawaida huongezeka mtu anapotafuna, anapopiga miayo, au misuli hiyo inapobonyezwa. Lakini si kila kichwa kinachouma kimetokana na taya. Kipandauso ni ugonjwa mwingine, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Vilevile, anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa hiyo mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata zile ulizonunua dukani bila cheti.

Jambo moja la kuwatuliza: taya linaloalika bila kuuma na bila kukwama ni jambo la kawaida, na halihitaji matibabu. Asije mtu akawauzia tiba ya mlio.

Dalili zisizosubiri

Kabla ya kuzungumzia fedha, tutaje hali ambazo hazifai kusubiri miadi ya kliniki ya meno. Taya linalokakamaa na kushindwa kufunguka, hasa baada ya jeraha, huweza kuwa pepopunda. Nenda hospitali mara moja. Uvimbe wa uso au shingo wenye homa, au unaozuia kumeza na kupumua, ni dharura. Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, au yanayoambatana na homa na shingo kukaza, au na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni dharura pia. Mtu mwenye zaidi ya miaka 50 anayeanza kuumwa panjani, taya likimchoka anapotafuna na macho yakimfifia, aonwe siku hiyohiyo, kwani anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Na maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua au kuishiwa pumzi yanaweza kuwa ya moyo.

Kinachorudishika na kisichorudishika

Matibabu yote ya taya yanaweza kugawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo, yasipofaa, mtu huyaacha na mwili wake ukabaki ulivyokuwa. Fungu la pili ni yale yanayobadilisha meno, mfupa au kiungo moja kwa moja. Jino lililosagwa halioti tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Katika fungu la kwanza, mengi hayana gharama. Kula vyakula laini kwa majuma kadhaa. Acha muwa, mahindi ya kuchoma, nyama ngumu na ubani wa kutafuna. Usifungue chupa kwa meno. Unapopiga miayo, kinga kidevu kwa mkono ili kinywa kisipanuke mno. Kanda mashavu na panja kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Zaidi ya yote, jizoeze jambo hili mchana kutwa: midomo ifunge, meno yaachane. Watu wengi hawajui kwamba meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Dawa ya maumivu inaweza kutumika kwa muda mfupi kwa ushauri wa daktari au mfamasia. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa hatua hizi katika majuma au miezi michache.

Maumivu yakizidi miezi mitatu, hapo mtaalamu anahitajika zaidi. Mwezi Desemba 2023 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha mwongozo wa jopo la kimataifa kuhusu maumivu ya muda mrefu ya taya. Jopo lilipendekeza kwa nguvu mazoezi ya taya yanayosimamiwa na mtaalamu, kukandwa kwa misuli, na ushauri nasaha wa kumsaidia mgonjwa kubadili mazoea na kukabiliana na maumivu. Lilikataza kwa nguvu vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha mpangilio wa meno moja kwa moja, pamoja na upasuaji wa kuondoa kile kisahani cha ndani ya kiungo.

Wengi wenu mtashauriwa kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku. Kifaa kinachofunika meno yote ya taya moja, kisichosogeza meno, ni cha kurudishika, na huweza kuyakinga meno yasilike kwa kusagana. Hata hivyo, kwa ajili ya kuondoa maumivu ya muda mrefu, jopo hilohilo halikuyaona manufaa yake kuwa ya hakika, na lilishauri kwa kiasi kisitumiwe kwa kusudi hilo. Ukikubali kukivaa, uliza kitavaliwa kwa muda gani na kitakaguliwa lini. Kikiongeza maumivu, au ukiona meno hayafumbi kama zamani, acha kukivaa na umrudie daktari.

Mnaweza kuuliza: wazo la kusaga meno ili kuponya taya limetoka wapi? Mwaka 1934 daktari James Costen wa St. Louis, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wenye maumivu ya masikio na kichwa, akayahusisha na kupotea kwa magego na mkao wa taya. Tangu hapo, kwa miongo mingi, madaktari wa meno wengi walirekebisha mkutano wa meno kama tiba. Utafiti wa baadaye haukuthibitisha kwamba kufanya hivyo kunaponya. Mwaka 1996 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwakusanya wataalamu kuipima hoja hiyo, na wakasisitiza kuanza na matibabu ya kurudishika.

Somo chungu zaidi pia limetoka huko. Mwaka 1983 kipandikizi cha kuwekwa mahali pa kisahani cha taya, kilichotengenezwa na kampuni ya Vitek ya Houston, Texas, kiliruhusiwa kuuzwa. Ndani yake mlikuwa na Teflon, ambayo pia hupakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Kwa shinikizo la kutafuna, vipandikizi vilimomonyoka, na kwa wagonjwa kadhaa vipande vyake vilisababisha mfupa kuliwa. Mwaka 1990 kampuni ilifilisika, na mwishoni mwa mwaka huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatoa tahadhari. Wagonjwa walibaki na maumivu makubwa kuliko yale waliyoanza nayo. Hatusemi kwamba kila upasuaji ni mbaya. Wapo wenye kiungo kilichovunjika, chenye uvimbe au kilichogandamana ambao hawana njia nyingine. Tunasema kwamba upasuaji uwe na sababu inayoonekana na kuelezeka, na kwamba upya wa kifaa si ushahidi wa ubora wake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea daktari heshima. Daktari mwema hufurahi kuulizwa. Tunawashauri mwende na maswali haya yakiwa yameandikwa:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje, na umeutambua kwa vipimo gani?
2. Matibabu haya yakishindwa, meno na taya langu vitarudi kama vilivyokuwa?
3. Ni hatua gani nyepesi na za bei nafuu ambazo bado sijazijaribu?
4. Nafuu itegemewe baada ya muda gani, na tutapima vipi kama imepatikana?
5. Gharama yote ni kiasi gani, ikiwa ni pamoja na marudio, na bima yangu inalipia kipi?

Ombeni majibu ya swali la kwanza na la mwisho kwa maandishi. Dai risiti kwa kila malipo, na uombe nakala ya picha zako za eksirei, ili ukienda kwa daktari wa pili usipigwe picha upya bila sababu. Kwa tiba ya fungu la pili, usikubali siku ya kwanza, hata ukiambiwa kwamba punguzo linakwisha kesho. Maumivu ya taya ya muda mrefu hayabadiliki kwa siku saba. Una nafasi ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Na tangazo linaloahidi kuponya kabisa, kwa kila mtu, lichukuliwe kama onyo.

Kwa Tanzania Bara, madaktari wa kinywa na meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Ni haki yako kujua jina kamili la anayekutibu na kuhakiki kama amesajiliwa. Ukiwa na malalamiko, anza na uongozi wa kituo kwa maandishi, ukiambatisha risiti na nakala za vipimo. Usiporidhika, malalamiko ya kitaaluma yapelekwe kwenye Baraza.

Turudi kwa mama yetu. Magego mawili hayatarudi, na hilo linatuuma. Lakini mtaji wake bado uko mkobani, na meno yaliyobaki bado ni mazima. Akiuliza swali la pili kati ya yale matano, ataambiwa kwamba jino likishasagwa ndiyo basi. Akiuliza la tatu, huenda akagundua kwamba hakuna aliyewahi kumweleza habari ya kuyaachanisha meno mchana, wala kumfundisha zoezi hata moja. Aanzie hapo, chini ya uangalizi wa daktari, kwa majuma kadhaa. Ikihitajika tiba kubwa baadaye, kliniki itakuwa bado ipo, naye ataingia akijua anachonunua.

Tunawaomba muyafikishe haya kwa walio nyumbani, hasa kwa yule anayeamka kila siku akishika panja na kusema ni uchovu tu.