Motivasio ya walimu: chama kilipe ao kikatae?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kindu. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukipunguza kidogo.)



Mwenyekiti aliniomba niongee dakika kumi na tano juu ya kodi na namna Leta inatumia feza ya watu. Nikamwambia: Mzee, hilo ni jambo la siku tatu. Akanijibu: basi ongea paka juu ya ile inatugombanisha.

Ile inatugombanisha tunaijua wote. Ni barua ya shule moja, jina sitalitaja, ambayo watoto wetu wengi wanasoma pale. Barua inasema kuko walimu ambao Leta haiwalipi, na shule inaomba chama kitoe kitu kidogo kila mwezi kutoka sanduku ya mshikamano. Tangu barua ile isomwe hapa, watu hawasalimiani vizuri. Mimi ni mtu wa terrain, natembea kwenu nyumba kwa nyumba, nimesikia pande zote. Mama mmoja aliniambia: «Batoto hawawezi kungoja Kinshasa. Mwalimu akilala njaa, mtoto wangu anarudi saa nne na daftari tupu.» Baba mmoja akaniambia: «Leta ilisema bure. Tukilipa franka moja, tumesaini kwamba si bure tena.» Na mama wa tatu, anauza sombe na mafuta ya mawese sokoni, alikasirika kabisa: «Mimi niko nalipa kila asubuhi. Munataka nilipe mara ngapi?»

Nikirudi nyumbani jioni nilikuwa naona wote watatu wana haki. Njo maana nimefikiri vizuri kabla ya kusimama hapa.

Tuanze na lile neno bure. Katiba yetu ya mwaka wa 2006, artikle ya 43, inasema shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure. Maneno yalikaa katika karatasi miaka kumi na tatu. Mwezi wa kenda 2019, mwaka wa shule ulipoanza, serikali ya Rais Tshisekedi ikasema sasa inatekelezwa, na wazazi wasidaiwe tena. Watoto walijaa madarasani, munakumbuka, madawati hayakutosha. Banki ya Dunia nayo ikakubali mwaka wa 2020 kusaidia kwa dola milioni 800. Watu wengine hapa wanasema gratuité ni uongo mtupu. Mimi sikubali. Kuko wasichana katika chama hiki walioanza darasa la kwanza sababu ya gratuité, na wazazi wao wako hapa wananitazama.

Lakini Leta ilifungua mlango wa shule kabla ya kuhesabu walimu walio ndani. Mwalimu mwenye matrikule analipwa. Yule asiyekuwa nayo, ile tunaita NU, ao yule mwenye matrikule lakini mshahara haujaanza, ile tunaita NP, alikuwa anaishi na feza ya wazazi. Feza ya wazazi ikakatazwa, na ya Leta haikumfikia. Yeye njo amelipia gratuité. Na wakati huohuo kule Kinshasa majina ya walimu wasiokuwepo na shule zisizokuwepo yalikuwa katika liste ya malipo. Mwaka wa 2021 mahakama iliwahukumu wakubwa wawili wa elimu kwa mambo ya feza hiyo. Kwa hiyo tukisema Leta haina feza, tuseme pia kwamba ile iliyokuwepo haikufika yote.

Sasa nataka nikae kidogo juu ya mambo ya zamani, sababu baba yule anayekataa, hoja yake inatoka pale, hata kama hakuieleza.

Motivasio ilianza namna gani? Ilianza mwanzo wa miaka ya 1990, Zaire ikiwa inaanguka. Mshahara wa mwalimu ulikuwa umekuwa makaratasi, walimu waligoma, watoto wakapoteza mwaka. Ili wasipoteze mwingine, viongozi wa Kanisa Katoliki na wajumbe wa wazazi wakapatana: wazazi watachanga kidogo kwa walimu, kwa muda, mpaka Leta isimame. Ulikuwa mpango wa huruma. Sina neno baya juu ya watu wale. Lakini ule muda ulichukua zaidi ya miaka ishirini na mitano. Mimi nilisoma ndani ya ule muda. Nilirudishwa nyumbani mara nyingi, na siku moja wakati wa mitihani nilikaa nje chini ya dirisha nikisikiliza maswali yanasomwa kwa wenzangu. Na mwalimu aliyenitoa nje hakuwa mtu mbaya, alikuwa anajua mama yangu hana kitu.

Tena kuko jambo ambalo wazazi wengi hawakulijua. Ile feza haikubaki shuleni yote. Sehemu ilipanda juu: kwa koordinasio, kwa inspeksio, kwa ofisi ya jimbo, mpaka Kinshasa. Kila ngazi ilichukua yake. Kwa hiyo mchango wa muda uligeuka kuwa kodi, kodi ambayo hakuna bunge liliipigia kura, na ofisi nyingi zilijifunza kuishi nayo. Leta ya kulipa mwalimu ingerudi kwa sababu gani, wakati mzazi yuko? Nafikiri baba yule, akisema tusisaini, anaogopa hiyo. Na mimi naiogopa.

Nije kwa mama wa soko. Anavuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, analipa mwenye mtumbwi. Anafika sokoni, analipa tiketi. Akinunua sukari ao sabuni, ndani ya bei kuko TVA, asilimia 16 tangu mwaka wa 2012, hata kama haioni. Mume wake akitoa bidhaa Kibombo ao Pangi, kuko baryeri njiani, na kila baryeri kuko mtu mwenye mkono. Mwaka wa 2020 walianza hata kukata uniti katika simu yake, ile RAM, mpaka watu walipopiga kelele nchi nzima na ikaondolewa mwaka wa 2022. Hapa nilitaka tujikumbushe: iliondolewa sababu watu walidai, wabunge wakauliza, kila mtu alikuwa anaona uniti zake zinapotea. Kodi ambayo mtu anaiona, anaweza kuigombania.

Mama yule nilimwomba anionyeshe tiketi zake za wiki mbili. Alikuwa nazo kumi na moja. Nne zilikuwa na nambari na muhuri. Saba zilikuwa vipande vya karatasi tu, vingine vimekatwa katika daftari ya mtoto. Ndugu zangu, tukigombana kama kodi ni kubwa ao ndogo, tunaacha hizi saba zipite. Feza ya zile saba haikuingia kwa Leta hata kidogo. Haiwezi kulipa mwalimu wala kurekebisha soko. Wale waliotoka Nyarugusu wanasema risiti, sisi tuliobaki huku tunasema kitansi; jina si kitu, karatasi iwe na nambari.

Wengine vijana wamenipendekezea tukatae kulipa kabisa, soko zima, mpaka Leta ifanye kazi. Ninawaelewa. Babu zetu katika jimbo hili walijua kodi kama fimbo: ilikuwa kodi ya kichwa, ilikuwa pamba na mchele wa lazima, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya Wazungu siku 120. Baadaye Mobutu akaja na Salongo yake. Kukwepa Leta ilikuwa akili. Lakini tukikataa leo, watafungiwa meza wamama, si vijana waliotoa shauri. Na siku tutakapoenda kuuliza mwalimu wetu analipwa lini, tutaulizwa kwanza: nyinyi mumelipa nini?

Na tuko na la kuuliza. Katiba hiyohiyo, artikle ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yakatwe palepale kwenye chanzo. Sheria ya mwaka wa 2008 inasema tena kwamba katika sehemu ile ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na shefri. Tufanye hesabu ya sokoni: franka 100 ikiingia, 40 inapaswa kuwa ya jimbo, na katika zile 40, 16 zinashuka mpaka kwa Kasuku, Mikelenge, Alunguli, mpaka kwa sekta zetu. Haiko hivyo. Kinachofika ni kidogo, na kinachelewa. Kinshasa inajibu kwamba inalipa mishahara ya watumishi wa majimbo, na hiyo ihesabiwe. Inasema tena, tangu Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, feza inaenda vitani. Sitasema ni uongo; kuko watu waliokimbia vita hiyo ambao tumewapokea sisi wenyewe. Lakini asilimia 40 haikuwa inakatwa hata kabla ya vita hiyo, na mshahara wa mwalimu wa NU hauwezi kuhesabiwa sababu haupo.

Neno fupi kwa wafadhili. Nyinyi mumetusaidia kwa mbegu, kwa mabati, kwa dawa. Mmoja wenu ameniuliza kwa wema kama mungelipa nyinyi hao walimu. Wenzetu waliokaa Lugufu na Nyarugusu wanajua: kambini shule ilikuwa bure na mwalimu alikuwa anapata posho yake. Wanajua tena kwamba mgao wa chakula ulipunguzwa siku moja bila kuwauliza. Na walipovuka ziwa Tanganyika kurudi, ile shule haikuvuka nao. Tusaidieni kwa nauli ya kufuata dosie na kwa feza ya fotokopi. Mshahara, tuuombe pale unapodaiwa.

Basi, mimi nasema nini? Naona walimu wale wasaidiwe, sababu mtoto wa darasa la pili hawezi kutumika kama fimbo ya kuipiga Leta. Lakini si kwa sanduku ya mshikamano. Sanduku ile ni ya ugonjwa na ya kilio. Tukianza kuichota kwa mishahara, siku mtu atakapofiwa tutakuta chini. Tuchange pembeni, kila nyumba inayoweza, na yule asiyeweza mtoto wake asirudishwe. Shule iandike hilo na kutia muhuri. Feza mwalimu aipokee mkononi mwake mwenyewe, mbele ya komite ya wazazi, na asaini. Hakuna sehemu ya kupanda kwa ofisi yoyote. Na mwisho uandikwe sasa: mwisho wa mwaka huu wa shule, mwezi wa saba. Wiki ileile tunayotoa franka ya kwanza, dosie ya walimu wale iingie kwa sudivisio na kwa DINACOPE, ile zamani ilikuwa SECOPE, na kopi iende kwa wabunge wetu wa jimbo, na sisi tubaki na karatasi ya kuonyesha imepokelewa tarehe gani.

Jana Mzee mmoja alinisimamisha njiani, akaniambia: «Mwanangu, hata kwa wakati wa Zaire walisema ni ya muda.» Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia wale hawakuandika tarehe. Akacheka. Akaniuliza: na mwezi wa saba ukifika, Leta haijalipa, utamfukuza mwalimu wewe? Ndugu zangu, sijui. Nafikiri tutakutana tena hapa, tutagombana tena, na pengine nitakuwa nimekosea. Lakini tutagombana tukiwa na karatasi mkononi, na wakati wa baba zetu hakuna aliyeweka karatasi.

Kura ni juu yenu, si yangu. Mimi si mwanachama, ni mtumishi. Ile ninaomba kabla ya kura ni jambo dogo: kila anayeuza sokoni alete siku ya mosi tiketi zake zote, zenye nambari na zisizo nayo, tuzipange juu ya meza tuzihesabu. Mama wa Alunguli ameniambia za miezi miwili ziko kwake katika mfuko wa unga. Aanze yeye.