Sauti na Ubongo wa Mtoto Mwenye Usonji

Aliyepata kufika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, wakati wa msimu, mashine za kupukuchua mahindi zikinguruma na malori yakipiga honi, huenda amemwona mtoto aliyejiziba masikio kwa viganja viwili, akilia hata mama yake asijue la kufanya, ilhali mtoto huyohuyo akiitwa kwa jina nyumbani, mara ya kwanza na ya pili, hageuki. Basi watu husema ni kiziwi, au mkaidi, au, jambo linalonihuzunisha mno, amerogwa.

Tabibu Leo Kanner, aliyeandika huko Marekani mwaka 1943 habari za watoto 11 wenye hali tuiitayo leo usonji, aliyaona yote mawili: baadhi yao walidhaniwa viziwi, na kelele kubwa ziliwatia hofu. Hata mwaka 2010, Timothy Roberts na wenzake wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, kwa chombo kinasacho usumaku hafifu wa ubongo pasipo sindano wala maumivu, walitangaza kuwa ubongo wa watoto wenye usonji waliowapima ulichelewa kuijibu sauti, kwa wastani, sehemu 11 kati ya elfu moja za sekunde. Ni muda mdogo mno. Lakini katika usemi silabi hufukuzana, na ya kwanza haijapokewa sawasawa ya pili imekwisha bisha hodi. Huo ni wastani, tena, wala si kipimo cha kumhukumia mtoto yeyote.

Kwa hiyo, enyi wazazi, kwanza mpelekeni mtoto apimwe masikio, maana usaha wa sikio hupunguza usikivu nao una dawa. Akionekana anasikia, na tabibu akathibitisha usonji, semeni naye kwa maneno machache, penye utulivu, kisha mngoje, mngoje kweli, bila kulirudia neno kwa ukali. Ajizibapo masikio, msimbandue mikono. Mwondoeni penye kelele. Na maadamu kwetu Ugogo ni nchi ya ngoma, si haki kumfungia ndani siku ya ngoma ya muheme: akae kando na mtu amwaminiye, asogee au asisogee kwa hiari yake.