Samaki ni Tunu kwa Paka, si Chakula cha Kila Siku

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi wa Lamu waliowaleta paka na mbwa wao kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

 

Nimeombwa niseme machache huku foleni ikisonga. Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuandika na kutangaza habari za kaunti. Lakini ninafuga paka, na kuna wakati nilimkosea yeye, nikamkosea na jirani yangu pia. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Paka wangu anaitwa Shombo, na jina hilo amelipata kwa tabia zake. Msimu mmoja wa kaskazi, samaki wakiwa tele, nilikuwa nikipita dikoni kila asubuhi kumchukulia simu wadogo wadogo. Nilimpa wabichi, asubuhi na jioni, kwa wiki nyingi. Nilijiona mfugaji hodari. Kisha akaanza kukataa chakula. Baadaye akawa anayumba kama mlevi, kichwa kimemwinamia kifuani, hawezi kukiinua.

Nikaamini ametiliwa sumu. Jirani yangu alikuwa amelalamika kwamba Shombo anamwibia kitoweo, basi nikamtia hatiani bila ushahidi. Nikakata salamu. Siku tatu tulipishana kichochoroni kama watu wasiojuana.

Daktari wa mifugo alipomwona, aliuliza: "Anakula nini?" Nikajibu, samaki. "Na nini kingine?" Nikajibu, samaki. Akatikisa kichwa, akamdunga sindano ya vitamini B1. Baada ya siku mbili Shombo aliinua kichwa. Mimi nikaenda kubisha hodi kwa jirani, kuomba radhi.

Nini kilitokea? Baadhi ya samaki wabichi, na hata ngisi na kombe wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akila hivyo siku nyingi, ubongo na mishipa ya fahamu huanza kushindwa kazi. Moto wa jiko hukiua kimeng'enya hicho. Kuna na tatizo la pili. Samaki wenye mafuta mengi, kama simu na jodari, wakiliwa kila siku humaliza vitamini E mwilini. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya paka huvimba na kuuma, hata hataki kuguswa.

Mtasema, lakini paka wa Lamu wameishi na wavuvi tangu enzi za mababu. Ni kweli. Ila asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, mwindaji wa panya na ndege. Hakuzaliwa mvuvi. Na huyu anayezurura dikoni hali samaki peke yake. Usiku hukamata panya na mijusi. Wa kuangaliwa zaidi ni yule tuliyemfungia ndani, anayekula tunachomwekea tu.

Basi tusimnyime samaki. Tumpe kama tunavyompa mtoto halua: kidogo, na kwa siku zake. Madaktari wa mifugo hushauri tunu zote zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja au mbili kwa wiki, kinatosha. Changu au tafi ni wazuri. Mchemshe kwa maji matupu, umpoze, umtoe miba yote. Kamba naye anafaa, akishachemshwa na kumenywa ganda. Papa, nduaro na jodari wakubwa wawe nadra sana, kwa sababu samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini.

Sasa mambo ya kuepuka. La kwanza ni mchuzi. Sisi huona ni ukarimu kumwachia paka mabaki ya samaki wa nazi, lakini mchuzi una vitunguu maji na vitunguu saumu, na vyote viwili huharibu damu ya paka. La pili ni ng'onda na samaki wengine wa chumvi. Chumvi ile ni nyingi mno kwa mwili wa kilo 3 au 4.

La tatu nawaambia ndugu zetu wavuvi. Bunju akinaswa, msimtupe ufukweni. Sumu yake haitoki kwa kupikwa, na huua paka, mbwa na hata binadamu. Azikwe mbali na watoto na wanyama. Vivyo hivyo ndoana na vipande vya mshipi visiachwe ndani ya vichwa na matumbo ya samaki. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni mwa paka, usiuvute, kwa maana unaweza kumpasua utumbo. Mpeleke kwa daktari.

Je, siku nyingine ale nini? Najua bei ya chakula cha paka cha dukani. Asiyeimudu ampe nyama ya kuku, firigisi, moyo, na maini kidogo, vyote vimepikwa bila viungo. Wali au ugali mtupu haumfai. Paka ni mla nyama, na asipopata taurini iliyomo ndani ya nyama, macho na moyo wake hudhoofika.

La mwisho linahusu chanjo iliyotuleta hapa. Paka anayeyumba, kutapika au kugeuka tabia anaweza kuwa na upungufu wa vitamini kama Shombo, au amekula bunju, au ana kichaa cha mbwa. Kwa macho huwezi kujua. Usimshike kwa mikono mitupu, na usimpe dawa ya kukisia. Ita ofisi ya mifugo ya wadi yako. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Na kabla hujamshuku jirani, jiulize kwanza swali alilonipa daktari: anakula nini?

Foleni iendelee.