Petroli ya Kikundi Inalala kwa Nani?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya petroli. Vikundi vyetu vingi vina pampu ya maji ya shamba, na vijana wetu wana bodaboda. Tena wengine wametuuliza: mbona kikundi kisinunue petroli mjini, tuiuze kwa chupa hapa kijijini? Swali ni la haki, maana kituo cha mafuta kiko mbali. Lakini kabla ya kuandika mradi huo kwenye kitabu cha mikutano, tujue kwanza petroli ni kitu gani.

Kinachowaka ni mvuke wake. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Petroli huutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hivyo hapa kwetu hakuna saa ambayo petroli haiko tayari kuwaka. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, ukafika jikoni. Mama akiwasha jiko upande ule, moto unarudi mpaka kwenye mtungi.

Ndiyo sababu mtungi wa petroli usitiwe mafuta ya taa kamwe. Petroli kidogo iliyobaki chini inaweza kuifanya koroboi ilipuke mbele ya mtoto anayesoma.

Tusisahau Sachang'wan, karibu na Molo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota. Moto uliua watu zaidi ya 100. Walikuwa watu kama sisi, waliotafuta shilingi mbili tatu.

Sasa sheria inasemaje? Chini ya Sheria ya Petroli ya 2019, biashara ya petroli inataka leseni ya EPRA, yaani mamlaka ya kusimamia nishati na petroli. Hata kujenga kituo kunataka kibali kwanza. NEMA wanaangalia mazingira, kaunti inatoa kibali cha biashara, na watu wa vipimo wanakagua pampu.

Wengine husema, ah, hayo ni makaratasi ya kuwasumbua wanyonge. Sivyo. Kila cheti maana yake kuna mtu aliyepaswa kuja kuuliza: Tangi linavuja? Liko umbali gani na nyumba na kisima? Moto ukitokea, utazimwa na nini? Petroli ya chupa kando ya barabara hakuna aliyeikagua.

Tena liko jambo la haki. Faida ni ya wote, lakini mtungi unalala kwa mmoja, mara nyingi kwa mama mwenye nyumba karibu na barabara. Nyumba yake ikiungua, kikundi kitamjengea? Na mali ikikamatwa, akiba ya wanachama itarudishwa na nani? Sisi tunasema wazi: bila leseni, kikundi kisiuze.

Ile ya pampu yenu wenyewe, fuateni haya:

1. Nunueni kidogo, ya kazi ya siku chache tu.

2. Tumieni mtungi uliotengenezwa kwa petroli, wenye kifuniko kinachokaza. Andikeni PETROLI kwa herufi kubwa. Chupa ya soda hapana, mtoto atakunywa.

3. Kituoni, wekeni mtungi chini ardhini ukijazwa, si juu ya pikapu wala pikipiki, kwa sababu ya cheche za umeme. Acheni nafasi juu, maana petroli huongezeka kwa joto.

4. Ikae nje ya nyumba ya kulala, kivulini, penye hewa, mbali na jiko, chini ya kufuli.

5. Pampu izimwe na ipoe kwanza, ndipo ijazwe, tena mchana. Sigara mbali.

6. Msivute petroli kwa mdomo na mpira. Aliyemeza asitapishwe; akimbizwe hospitali.

7. Petroli ikiwaka, msimwagie maji, yataeneza moto. Mchanga mkavu uwe tayari kwa moto mdogo. Ukiwa mkubwa, kimbieni, waiteni watu. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe mafuta.

Katika mkutano wenu ujao, ulizeni maswali matatu: Petroli yetu inalala kwa nani? Iko ndani ya chombo gani? Nani ana ufunguo? Majibu yaandikwe. Na kikundi kinachotaka biashara hii kweli kije ofisini, tusome masharti ya leseni pamoja na kupiga hesabu. Pengine tutaona mashine ya kusaga au kuku ni afadhali. Pengine vikundi vitano vitaungana. Lakini cheti kitangulie, biashara ifuate.

Mungu awabariki, na azilinde nyumba zenu.